Zamu ya Maimuna

Maimuna alikuwa na kansa ya titi, na dawa aliyopewa hospitalini alikuwa anamgawia mtu mwingine. Mume wake, Uledi, alilijua hilo siku ya Jumanne, saa moja asubuhi, akitafuta chenji ya maziwa.

Muuza maziwa alikuwa amesimama mlangoni na baiskeli yake. Uledi alikuwa na noti ya elfu kumi, na muuza maziwa hakuwa na chenji. Uledi akarudi chumbani, akaishika kanga ya mke wake iliyotundikwa nyuma ya mlango. Kwa miaka ishirini na sita hela ndogo za nyumba ile ya Magomeni zilikaa kwenye pindo la kanga ya Maimuna, na kila aliyekwama alikwenda kufungua fundo. Akafungua fundo. Hazikutoka sarafu. Kilitoka kikaratasi cha kung'aa kile cha ndani ya pakiti ya sigara, kimekunjwa kwa adabu, na ndani yake mna vidonge sita vya pinki.

Alivijua. Kwa miezi miwili alikuwa akivipigia tiki kwenye kadi kila asubuhi na kila jioni.

Akatoka uani. Maimuna alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, kilemba kichwani kwa sababu nywele zilishakwenda zote, anageuza vitumbua.

"Mama Siti, hivi nini?"

Maimuna akakitazama kiganja cha mumewe, akageuza kitumbua kingine.

"Vidonge."

"Naona ni vidonge. Vinafanya nini kwenye kanga?"

"Vinasubiri Jumatano."

"Jumatano kuna nini?"

"Nampelekea Leticia. Muuza maziwa umemlipa?"

Uledi akavihesabu tena vile vidonge, yeye asiye mtu wa kuishiwa maneno. Ni mtu anayeuza injini zilizotumika pale mtaa wa Gerezani. Kutwa nzima anabishana na mafundi.

Inabidi ieleweke dawa zenyewe zilikuwaje. Hospitali ya serikali ilikuwa na utafiti. Wagonjwa wote wa utafiti ule walitundikiwa dripu ile ya siku zote, kila Alhamisi ya tatu. Nusu yao, juu ya dripu, walipewa vidonge vipya, kimoja asubuhi na kimoja jioni, ili ionekane kama vinaongeza kitu. Nani apewe na nani asipewe haikuwa amri ya daktari. Kompyuta ilichagua, kama kura. Sista Joyceline, muuguzi wa utafiti, alibonyeza mbele yao: Maimuna akaangukia kundi la vidonge, na mwanamke aliyekaa naye benchi moja, Leticia, muuza maharage wa soko la Ilala, akaangukia kundi la dripu peke yake.

Vidonge vilikuja na masharti. Kila baada ya wiki tatu chupa inarudishwa, na kadi inarudishwa ikiwa na tiki mbili za kila siku. Msimamizi wa kadi alikuwa Uledi. Shule aliiacha darasa la tano, lakini tiki anajua kupiga. Alisaini ile fomu kwa herufi kubwa na akaichukua kazi ile kwa uzito kuliko leseni ya biashara. Shemeji yake Mudi alipokuja kulalamika, "Unampeleka dada yangu akafanywe panya?", Uledi alimjibu palepale: "Wewe ulimpeleka kwa mzee wa mizizi miezi mitano, uvimbe ukatoka kwenye kunde ukafika kwenye ndimu. Panya ana nafuu." Tangu hapo Mudi akija anakula na kuondoka.

Na uvimbe ulikuwa umepungua. Ndimu ilikuwa imerudi kuwa korosho. Uledi aliuona kwa macho yake, na kila jioni akirudi kuswali Magharibi alikuwa anauliza, "Umekunywa?", anajibiwa, "Nimekunywa," anapiga tiki.

"Uliniambia umekunywa!" alisema sasa, vidonge mkononi.

"Cha asubuhi nilikunywa kila siku mbele yako."

"Cha jioni je?"

"Cha jioni nilidanganya." Akaepua vitumbua, akapanga kwenye sahani. "Kaa chini, unanizibia moshi usitoke."

Akakaa.

"Tangu lini?"

"Tangu chupa ya pili. Sikiliza, Baba Siti. Walipiga kura, si uliona? Mimi nikatoka wa kwanza, Leticia akatoka mkia. Mimi mwanangu keshaolewa, nina mjukuu anatembea. Leticia ana watoto watatu, wa mwisho ana miaka sita, na baba yao wamemzika Songea. Niambie wewe, nani angetangulia?"

Hapo Uledi alielewa kila kitu, na kuelewa kulimtia hasira zaidi. Mke wake alikuwa kijumbe. Kwa miaka kumi na minne aliendesha mchezo wa kanga wa wanawake kumi na watatu wenye meza Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kila baada ya wiki mbili kila mmoja analeta doti moja kwa mwenye zamu. Zamu zinachaguliwa kwa vikaratasi ndani ya bakuli. Lakini bakuli si msahafu: mwenye harusi au msiba anapishwa mbele, na aliyempisha anachukua zamu ya nyuma. Kijumbe ndiye anayepanga kupishana huko. Maimuna aliheshimiwa soko zima kwa hilo. Fatuma alipofiwa na mama yake, Maimuna alimpa zamu yake mwenyewe bila kuombwa.

"Hospitali si bakuli lako la vikaratasi!" alisema Uledi.

"Kura ni kura."

"Ile ni dawa!"

"Ndiyo maana nimempa nusu. Ningempa zote." Akamsogezea sahani. "Nikakufikiria wewe. Mtu hata chai hawezi kuchemsha, nikifa utaishi kwa soda. Nikasema nusu nibaki nayo."

Uledi alisimama bila kugusa kitumbua. Haijawahi kutokea. Alipofika mlangoni, Maimuna akamwita, "Kula kwanza ndiyo ununue ugomvi," na alipokwenda kupanda basi la mwendokasi alikuwa na vitumbua vitatu kwenye mfuko wa shati na vidonge sita kwenye mfuko wa suruali.

Kazini hakufaa. Alimwambia mteja injini ya Noah ni ya Hiace, mteja akacheka akidhani ni utani. Saa nne akamwachia jirani duka na kuelekea Ilala kwa miguu. Alikuwa ameshapanga. Atamwambia Leticia kwa upole aache vidonge. Maimuna ataanza kunywa viwili kama inavyotakiwa. Tiki zitakuwa za kweli kuanzia leo, na hospitali haina haja ya kujua.

Alimkuta Leticia amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya mafungu yake ya maharage, anachagua mawe. Alikuwa mdogo kwa Maimuna kwa miaka kama kumi na mitano, mwanamke mwenye kucheka sana.

"Shikamoo shemeji! Umepotea njia?"

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo," alisema, na alipoinua uso Uledi akaona kwamba amedanganya. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka rangi ya manjano ya pilau.

Uledi akachuchumaa. Hotuba yote aliyoipanga njiani ikamtoka kichwani.

"Macho yana nini?"

"Ini, shemeji. Wiki iliyopita waliniita wakanitoa damu tena. Daktari Kasmir anasema ini linaumia na anadhani dripu ndiyo inayoliumiza. Keshokutwa wakipima likiwa bado, wanaikata."

"Wanaikata dripu?"

"Wanaikata. Na mwenzio uvimbe umepungua! Nilikuwa silalii ubavu huu, sasa nalala mpaka asubuhi." Akatupa jiwe pembeni. "Dripu inanitibu, na ndiyo hiyo wanaitoa."

"Umewaambia unakunywa na vidonge?"

Leticia akatazama huku na huku, kana kwamba maharage yana masikio.

"Nitawaambiaje? Watamtoa dada."

"Vidonge ndivyo vinavyokuumiza, Leticia. Dripu unayo tangu mwanzo na macho yako yalikuwa meupe."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua mbona. Tangu wiki ya pili tumbo limevikataa. Nikimeza, natapika mpaka watoto wanatoka nje. Nimebakiwa na kimoja."

"Sasa kwa nini unaendelea kumeza?"

Leticia akamshangaa, kama mtu mzima anayeulizwa swali la kitoto.

"Shemeji, mtu mgonjwa kama mimi anaitoa dawa kinywani mwake ananiletea hapa sokoni, kwa miguu yake, kila Jumatano. Mimi nimwambie imenishinda? Ningemtazamaje usoni?" Kisha akamshika mkono wa shati. "Usiseme. Nakuomba, shemeji. Mimi nitajua la kufanya."

Hakuwa na la kufanya, na wote wawili walilijua hilo.

Uledi alikwenda Kariakoo kwa kuzunguka, ili achelewe kufika kwenye meza ya mke wake. Hakuwa mtakatifu. Alisimama pembeni ya duka la mabeseni, watu wanampiga vikumbo, akajisemea ukweli wake: alitaka kunyamaza. Akinyamaza, Maimuna anabaki na vidonge, na korosho pengine inarudi kuwa kunde, na kunde pengine inakwisha. Leticia si mke wake. Leticia mwenyewe ameomba asiseme. Mtu akiombwa asiseme, akanyamaza, kosa lake ni lipi?

Mpaka anafika Mtaa wa Kongo alikuwa amejikubalia kunyamaza.

Maimuna alikuwa kwenye meza yake, kanga zimemzunguka pande tatu, Fatuma meza ya jirani anamsimulia jambo, wote wawili wanacheka. Alipomwona mumewe akaacha kucheka. Mwenye duka Gerezani haji Kariakoo saa saba mchana kwa heri.

Uledi akaweka vidonge sita mezani, juu ya kanga.

"Hivi utakunywa wewe."

"Umetoka Ilala."

"Nimetoka Ilala."

"Yukoje?"

Angeweza kusema hajambo. Neno moja, na lisingekuwa la kwanza la uongo katika jambo hili. Alifungua kinywa aliseme. Maimuna alikuwa anamtazama, kilemba kimelegea upande mmoja, sikio limetokeza, na sikio lile lilikuwa na hereni ndogo ya dhahabu aliyomnunulia yeye mwaka Siti alipozaliwa.

"Macho yake ya njano," alisema Uledi. "Vidonge vinamla ini. Madaktari wanadhani ni dripu, Alhamisi wanaikata. Anajua ni vidonge. Anameza kwa sababu yako, anaona haya kukwambia."

Maimuna akakaza kilemba. Kisha akainuka.

"Fatuma, nitazamie meza."

"Mama Siti," Uledi akamwahi, "tukisema, watakutoa."

"Watanitoa."

"Uvimbe umepungua!"

"Nimeuona, si uko kifuani kwangu." Akajifunga kanga ya pili. "Chukua kadi nyumbani. Mimi natangulia hospitali."

"Tusubiri hata..."

"Uledi." Jina lake tupu alilitumia mara chache sana, na kila mara mjadala uliishia hapo. "Nilimpisha mtu mbele, kumbe mbele kuna shimo. Nimwache humo?"

Sista Joyceline aliwapokea kwenye kile chumba kidogo chenye kabati la mafaili. Alikuwa binti wa kama miaka thelathini, aliyewaamkia shikamoo kila walipofika. Siku hiyo alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama kadi, na adabu ikamtoroka.

"Jamani, mama! Jamani, baba! Arobaini? Tiki arobaini, baba, kwa mkono wako? Mimi nawasifia kwa wenzangu, nasema kadi safi kuliko zote ni ya baba wa Gerezani!"

Uledi aliinamisha kichwa. Hata mkaguzi wa kodi hajawahi kumwinamisha vile.

Daktari Kasmir hakufoka. Aliagiza Leticia aletwe siku hiyohiyo, Uledi akapiga simu Ilala, na wakati bajaji iko njiani daktari akavuta kiti akakaa mbele ya Maimuna.

"Nieleze, mama. Si kwa ubaya. Kwa nini ulimpa?"

Maimuna akamweleza. Bakuli, vikaratasi, mwenye msiba kupishwa mbele, doti kumi na mbili za kanga. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwenye mchezo wako," aliuliza, "anayetangulia na anayemaliza, wote wanapata kanga zilezile?"

"Zilezile. Kinachotofautiana ni siku."

"Na unajua mapema ni kanga?"

"Mchezo wa kanga utatoa nini kingine?"

"Hapa ndipo tunapotofautiana. Mimi sijui kwenye vile vidonge mna nini cha faida. Kwa wengine huenda vinasaidia. Huenda havisaidii kitu. Huenda vinaumiza. Tungejua ni bora, tungewapa wote. Kura tunapiga kwa sababu hatujui."

Maimuna alimkodolea macho.

"Hamjui?"

"Hatujui, mama. Tuliwaambia siku ya fomu."

"Mliniambia. Nikadhani ni unyenyekevu wa watu waliosoma." Akageuka kwa mumewe. "Baba Siti, ulisikia? Nimempisha mtu kwenye zamu ya kitu ambacho hata mwenye bakuli hajui ni nini." Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia katikati, akajifuta macho na pindo la kanga, lile lile lililokuwa na vidonge.

Leticia alipofika hakumwamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Uledi.

"Shemeji, nilikuomba!"

"Ulimwomba nini mume wangu?" Maimuna akadakia. "Na wewe njoo hapa. Unatapika mwezi mzima, unaninyamazia? Nakuletea sumu kila Jumatano na wewe unanipa na maharage kilo moja ya asante!"

"Ungeniona sina adabu, dada."

"Heri ungekosa adabu. Kaa."

Akakaa. Maimuna akakichukua kichwa chake akakilaza begani, na kwa kuwa wote wawili walikuwa hawana nywele vilemba viliteleza vikaanguka kwa pamoja. Sista Joyceline, aliyekuwa bado amenuna, akaviokota. Uledi akatoka nje kusimama kwenye korido. Kwenye mfuko wa shati bado alikuwa na kitumbua kimoja cha asubuhi. Akakila.

Dripu ya Leticia haikufutwa. Iliahirishwa. Walimwachisha kidonge kile kimoja kilichobaki, wakampima kila Jumatatu, na ini likaanza kupona. Macho yakawa meupe kabla ya dripu iliyofuata, na dripu ikaendelea. Kuhusu utafiti, kamati ilikaa na kuandika barua mbili. Mwanamke aliyekunywa nusu na mwanamke aliyekunywa visivyo vyake hawakuweza kuhesabiwa tena. Wote wawili walitolewa. Vidonge vilisimamishwa, matibabu ya kawaida yakabaki kama ya mgonjwa mwingine yeyote. Alhamisi ya tatu bado wanakaa benchi moja, na Leticia akileta maharage sasa anapeleka kwa Sista Joyceline.

Uledi amejifunza kuchemsha chai. Inazidi majani kila siku, na Maimuna anakunywa kikombe chote halafu anasema ni mbaya. Kadi ya tiki iko ndani ya faili hospitalini, hakurudishiwa. Jioni akitoka msikitini bado anauliza, "Umekunywa?", kisha anakumbuka.

Kama korosho ingekuwa kunde kwa vidonge vile, hakuna anayejua. Bado ni korosho.

Kilichojulikana ni hiki. Vidonge arobaini havikunywewa na mwenye navyo: thelathini na vitatu alivimeza Leticia, kimoja kilibaki kwake, sita vilikuwa kwenye pindo la kanga. Tiki arobaini za uongo zilipigwa kwa mkono wa Uledi. Dripu ya Leticia ilichelewa wiki tatu. Nafasi mbili za utafiti zilikwenda, ya Maimuna na ya Leticia.